Usiku wa Kuzima Viyoyozi

Leo baada ya alasiri nimezima kiyoyozi cha mwisho,
kile cha chumba cha wageni. Kikatetemeka,
kikatema tone moja ukutani, kikanyamaza.
Sikujua nyumba yangu ina kimya.

Ni mwezi wa kumi na moja, hapa Al Khoudh.
Mama akiita majira haya vuli,
kwa mazoea ya Wete, ingawa vuli ya huku
haina mvua, haina jani la kupukutika;
ina upepo mmoja tu, mwembamba, unaoshuka mlimani
baada ya magharibi na kukugusa shingo
kama mtu anayetaka kukukumbusha deni.

Basi nikasema: watu waje. Uani. Leo leo.

Thuwaiba akaosha viti vya plastiki kwa mpira,
vumbi la miezi saba likatiririka rangi ya chai ya maziwa.
Chini ya mwarobaini tukaokota kandambili moja
ya mtoto ambaye mguu wake umeshaikataa.
Kaka yangu Harith akaleta pipa alilolikata nusu,
akamwaga makaa, akamwaga mafuta, akamwaga na maneno:
"Mishikaki haitaki haraka."
Mwenye haraka ni yeye.

Wakaja. Bi Zuweina na mkate wa kumimina
ulioungua upande, kauweka ule mzuri ututazame.
Shangazi Nasra kutoka Ibra, soksi na sweta,
kipimajoto kinasema ishirini na sita,
naye anatetemeka kwa raha,
amengoja mwaka mzima apate haki ya kusema:
"Jamani, baridi!"
Tukamwacha aseme. Tukamwongeza na shali.

Saa mbili usiku, mafuta yanadondoka, makaa yanajibu,
tukasikia kitoto kinalia.
Kila mwenye mtoto akahesabu wake.
Sauti ilitoka ng'ambo ya ukuta,
ukuta huu tuliouegemea pande mbili miaka tisa,
kwa Ghalib na mkewe Maather.
"Kwani wana mtoto?" Harith, koleo hewani.
Hakuna aliyejua.

Miezi saba madirisha yamefungwa, mashine zinanguruma;
tumbo likakua, likashuka, akika ikaliwa,
na sisi hapa, hatua kumi na mbili,
tunazo habari za dunia nzima kwenye simu.

Nikatoa simu nimwandikie.
Bi Zuweina akanitupia jicho lile lake.
Nikairudisha mfukoni, nikapanda juu ya ndoo,
nikaita kwa mdomo:
"Hodi ya ukutani!"

Kichwa cha Maather kikachomoza, macho mekundu ya kukesha.
Hakuuliza mbona leo. Alisema tu:
"Harufu naisikia tangu magharibi.
Nikadhani hamtaniita."

Nilishuka kwenye ndoo taratibu,
nikatafuta pa kuangalia.

Wakazunguka kwa mlangoni, Ghalib na sahani ya halua,
Maather na furushi la khanga kifuani.
Mtoto akapita mkono kwa mkono, kila mmoja akimnusa,
mpaka kwa Shangazi Nasra,
ambaye alivua sweta lake, akamfunika,
na baridi yake ikaisha palepale.

Anaitwa Huwaida. Ana siku sitini na moja,
na usiku anaoujua yeye ni ule wa ndani ya gari.
Aliikodolea macho balbu ya njano mtini,
akakunja uso, akapiga chafya ndogo.
Tukamwombea rehema kwa pamoja, watu kumi na wanne,
akashtuka, akalia upya.

Mishikaki iliungua.
Harith anasema ni upepo.

Saa tisa za usiku, dirisha wazi,
nywele zangu bado zanuka moshi,
akalia tena kule.
Nikageukia ubavu wa pili. Ni Huwaida, nikasema,
anataka ziwa.
Nikalala.